Moshi wa Safari ya Kwanza

Sebahire alipenda sifa. Tuliseme hilo mapema, maana mwenyewe hakulificha, na pale Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, hakuna aliyemchukia kwa ajili yake. Ukimpelekea gari linalokohoa, akalitengeneza, likatoka limetulia, alikuwa na tabia ya kusimama kando ya barabara, mikono kiunoni, akingoja dereva apige honi kabla ya kona. Dereva asipopiga, siku ya fundi ilikuwa imeharibika, na mkewe Mukabera aliitambua kabla mumewe hajavua viatu.

Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, akajifunza ufundi Goma kwa mzee mmoja aliyetengeneza malori ya kwenda Walikale. Alikuja Gisenyi akiwa mtu mzima, na sanduku la spana begani. Gereji yake ilikuwa mabati machache juu ya nguzo za mikaratusi, na ardhi yake ilikuwa nyeusi kwa oili ya miaka. Jirani yake alikuwa Habimana, mziba pancha, mtu wa maneno machache na maswali mengi.

Kilichompa Sebahire jina ni bandeji. Ndivyo madereva walivyoiita, na jina likashika. Ni utepe mpana, mgumu, uliofumwa kwa nyuzi zisizoungua, unaoviringishwa kwenye bomba la moshi toka linapoanzia kwenye injini, ili joto lisitoke likaipika mipira iliyo jirani. Mipira nayo, ya mafuta, ya maji na ya breki, huvishwa soksi ya namna hiyo hiyo, inayong'aa kama karatasi ya chokoleti. Huku kwetu barabara ni za kupanda. Gari likitoka ziwani kwenda Nyundo na kuendelea, bomba linapata moto mpaka linawiva, mpira uliolala karibu unakauka, unapasuka, na dereva anabaki mlimani akiwatukana wazazi wa fundi. Aliyefungiwa bandeji na Sebahire hakubaki mlimani.

Utepe wenyewe Mukabera ndiye aliyemletea kutoka Goma. Alikuwa mwuza sambaza, dagaa wa ziwani, anavuka mpaka na beseni kichwani, na akirudi alikuwa na roli la bandeji ndani ya beseni, chini ya kanga, mahali palipokuwa na samaki asubuhi. Bandeji hulowekwa majini kwanza, ifungwe ikiwa mbichi, ili ikikauka ijikaze yenyewe. Sebahire aliiloweka katika beseni hilo hilo la sambaza, na ugomvi wa beseni ulikuwa sehemu ya ndoa yao. Jioni, nyuzi zile zikimwasha mikono mpaka viwiko, Mukabera alimpaka mafuta akimwambia kwamba mwanaume mwenye akili angetafuta kazi isiyoota upupu. Alisema hivyo akicheka. Alijivunia mumewe kuliko mume mwenyewe alivyojivuna, ila hakumwambia.

Sasa, bandeji mpya ina jambo lake. Safari ya kwanza, bomba likipata moto, inatoa moshi, kama sufuria mpya inavyonuka siku ya kwanza jikoni. Moshi huo hauna neno. Unatoka, unakwisha, na hautokei tena. Lakini madereva wasiojua walikuwa wakisimama njiani, wakimwaga maji, wakirarua kazi ya watu. Mmoja aliikata yote kwa kisu, akarudi Mbugangari kuitupa miguuni pa Sebahire mbele ya wateja. Aibu ile ilimkaa. Tangu siku hiyo kila kazi ilipokwisha alitoa maneno yale yale, kidole juu, kama padri anayewaruhusu waumini waende na amani: "Ukiona moshi, usisimame. Endesha tu. Itajimaliza."

Basi akaja Dauda na kamyoneti yake.

Dauda alibeba mizigo ya wachuuzi kati ya ziwa na vijiji vya juu. Kamyoneti yake ilikuwa ya zile ambazo injini iko chini ya kiti, na anayekaa mbele amekaa juu ya jiko. Alitaka bandeji kwenye bomba na soksi kwenye mpira wa mafuta unaopita kando yake. Sebahire aliingia chini ya gari, akakaa huko kitambo, akatoka akipangusa kidole.

"Mupira yako ya mazutu iko inalia," alisema. "Iko na tone."

Tone hilo Dauda alilijua. Kila alipoegesha, liliacha doa chini. Mazutu, yaani dizeli, ilikuwa ikichuruzika kidogo kidogo mahali mpira ulipochoka, ikipita kando ya bomba, inaanguka ardhini. Mpira mpya ulikuwa umeagizwa Kigali na haujafika.

"Donc, basi, tungoje ifike," Sebahire alisema. "Tuondoe tone kwanza, halafu bandeji."

Alisema vizuri. Angekomea hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Dauda alikuwa amemsoma fundi wake.

"Muzee, mi nilitoka Musanze jana," alisema. "Bashoferi ya kule banasema bandeji ya Gisenyi hakuna mwingine anaiweza. Nitarudi huko na miguu imeungua, niseme nini? Tufunge leo. Mupira ikifika, nitaleta, utaiweka."

Utepe ulikuwa umekwisha kulowekwa. Sebahire alitazama beseni, akatazama gari, akawaza bashoferi ya Musanze. Akafunga. Alifunga vizuri kweli kweli, kila mzunguko umeukalia mwenzake nusu, vibanio vya chuma vimebanwa, soksi ya mpira imevutwa mpaka mwisho. Ungeiona ungependa kuigusa. Ilikuwa Ijumaa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda. Asubuhi hiyo gari halitembei, duka halifunguliwi. Kila mtu yuko nje na jembe, anazibua mtaro au anapanda miti, kisha watu wanakaa kwenye mkutano kusikiliza viongozi wa mtaa. Kamyoneti ya Dauda ilisimama pale pale gerejini toka jana, haijawashwa. Sebahire alikuwa mtaroni na wenzake. Mukabera alikuwa amenunua sambaza alfajiri, akazifunika kwa majani mabichi, na kila alipopata nafasi alikimbia kuzitazama kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Sambaza hazijui umuganda.

Mkutano ulipokwisha, mji mzima uliwasha magari kwa pamoja. Mukabera alijitwika beseni kwenda kituo cha basi. Alikuwa na wateja Nyakiriba, na samaki walikuwa wameanza kuchoka. Sebahire alimzuia.

"Mama Jado, basi ya nini? Dauda anapanda kule kule. Weka samaki nyuma, we kaa mbele."

Jado ni kijana wao, yuko Kigali. Mukabera aliitazama ile kamyoneti, akabetua mdomo.

"Mi sipande ile jiko. Mara ya mwisho nilishuka sketi inanukia pasi."

"Jiko ilizimika. Mi niliizima. Panda usikie kazi yangu."

Hapo ndipo moyo wa mtu ulipo. Hakumtaka afike haraka tu; alimtaka akae juu ya kazi yake, asafiri nayo, akirudi jioni amwambie: kweli, sikuungua. Mukabera alimjua. Aliweka beseni nyuma, akaweka na mkoba wake kando ya beseni, simu ikiwa ndani, kwa kuwa mikono yake ilinuka samaki na hakutaka kuichafua. Akapanda mbele.

Dauda alikuwa anazunguka gari lake. Akainama, akatazama chini, akapiga makofi.

"Muzee! Angalia! Hata tone iliisha. Chini ni kukavu!"

Sebahire akainama naye. Kweli, ardhi ilikuwa kavu. Gari limesimama toka jana na hakuna hata doa jipya.

"Ndiyo kazi, bwana," alisema Sebahire, akanyoosha mgongo.

Halafu akainua kidole akayatoa maneno yake. Moshi mukiuona musisimame, endesheni tu, itajimaliza. Safari hii aliyasema akimtazama mkewe dirishani, na mkewe akamjibu kwa kumwigiza, kidole juu vile vile, na Dauda akacheka. Kamyoneti ikaondoka. Kabla ya kona Dauda alipiga honi ndefu, mpaka mbuzi wa watu wakaruka.

Sebahire alinawa mikono kwa sabuni na mchanga huku akiimba puani. Habimana alikuwa amekaa kwenye tairi lake, anapuliza uji.

"Honi ile yote ni ya nini?"

"Ya sifa," Sebahire alisema. "Dauda anashangaa. Si joto tu, hata tone ya mazutu ilikauka. Gari imesimama toka jana, chini ni kukavu kabisa."

"Ah. Kumbe uliweka mupira mupya?"

"Hapana, mupira haiyafika, mi nili..."

Sabuni ilikuwa bado mikononi.

Hakuwa ameziba tone. Hakuwa amegusa mahali linapotoka. Alilivisha soksi. Mpira ulikuwa unalia vile vile, usiku kucha na asubuhi yote ya umuganda, na machozi yake hayakufika chini. Bomba lililokuwa jembamba, ambalo tone lilikuwa likilipita kando, sasa lilikuwa nene kwa bandeji. Tone lilikuwa linatua juu yake. Na bandeji inakunywa. Nani anajua hilo kuliko yeye, anayeiloweka kila siku na kuiona inavyomaliza maji ya beseni? Ilikuwa imekunywa dizeli toka jana. Sasa imepelekwa mlimani, kwenye bomba la moto, na juu yake amekaa Mukabera. Na wote wawili wameambiwa wakiona moshi wasisimame.

"Mana yanjye," alisema Sebahire. Mungu wangu.

Alimpigia Dauda. Simu iliita, haikupokelewa. Dauda tangu apigwe faini hapokei simu akiwa kwenye usukani, na siku zote Sebahire alikuwa akimsifu kwa hilo. Akampigia Mukabera. Ikaita, ikaita, huko nyuma kwenye mkoba, kando ya sambaza. Akapiga tena kwa Dauda, na mara hii simu yake ikawa imerukia mtandao wa ng'ambo, kama zifanyavyo simu zetu za karibu na mpaka, na mwanamke wa kwenye mashine akaanza kumweleza jambo kwa Kifaransa cha upole. Sebahire alimtukana mwanamke yule kwa lugha zote alizokuwa nazo. Kisha akakimbilia barabarani, mikono ina povu.

Janvier, dereva wa pikipiki wa kijiweni, alimwona anakuja akadhani kuna mtu amekufa.

"Muzee, kuna nini?"

"Kamyoneti ya Dauda. Njia ya Nyundo. Tumufuate. Twende, twende!"

"Vaa kofia kwanza."

Mikono ilikuwa inateleza kwa sabuni, kamba ya kofia haikushika. Janvier akashuka akamfungia mwenyewe kidevuni, taratibu, na Sebahire aliona muda ule unapita kama mtu anayetazama maji yakimwagika kwenye ndoo iliyotoboka. Akaanza kumwomba Mungu. Aliomba wapate pancha. Aliomba polisi wawasimamishe. Aliomba injini aliyoitengeneza mwenyewe ife, izime, iwaaibishe, Dauda arudi amtukane mbele ya Mbugangari nzima.

Walipita Rugerero. Barabara ilijaa watu wanaotoka umuganda, majembe mabegani, wanaongea, hawana haraka. Janvier alipunguza mwendo kwa ajili yao, kisha akapunguza kwa ajili ya kamera ya polisi ya mwendo, na Sebahire akampiga ngumi ya mgongo.

"Muzee, utatuua," Janvier alisema, lakini akaongeza.

Karibu na Nyundo, pale mto Sebeya unapokuwa kando ya barabara, mwanamke anayeuza miwa, jina lake Kankindi, alikuwa amesimama juu ya gogo anatazama mlima. Sebahire alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama: "Mama, kuna kamyoneti ya buluu ilipita?"

"Ile yenye moshi?" Kankindi alisema. "Ilipita. Yewe, ule moshi! Mweusi! Tulipiga makelele, sisi wote, simama, simama, unaungua!"

"Akasimama?"

"Wapi. Shofeli alitutupia mukono tu. Anasema fundi alisema ni kawaida." Akatikisa kichwa. "Na ule mama wa mbele akatoa kichwa ku dirisha, anatucheka. Anasema musiogope, ni bwana yangu aliifunga."

Janvier alimwambia baadaye Habimana kwamba alihisi mzee ameanguka kutoka nyuma ya pikipiki, maana uzito ulibadilika. Kumbe alikuwa amelaza paji la uso mgongoni mwake, na akakaa hivyo mpaka walipoanza kuinusa kamyoneti.

Harufu ilitangulia. Raba, rangi, na samaki wa kuchomwa. Kisha kwenye kilima cha kuingilia Nyakiriba wakaona watu wengi, na katikati yao kamyoneti, kichwa chake cheusi, vioo hakuna, imefukiwa udongo mpaka madirishani. Watu wale wale wa umuganda ndio waliouzima moto. Walikuwa na majembe mikononi, basi walilima ukingo wa barabara wakautupia moto udongo, wakaendelea kuutupia hata ulipokufa, kwa hasira. Sambaza zilikuwa zimemwagika lami nzima.

Dauda alikuwa amekaa chini, mikono ameinyoosha mbele yake kama si yake. Alimwona Sebahire akaanza kulia kwa sauti.

"Muzee, sikusimama," alisema. "Ulisema nisisimame."

"Mama Jado iko wapi?"

"Nilimuvuta. Mulango yake ilikataa, nilimuvuta upande yangu. Bamemubeba."

Sebahire alienda kwenye gari. Watu walijaribu kumzuia, akawapita. Upande wa abiria, sakafu ilikuwa imetoboka, na juu ya chuma kulikuwa na viatu vya plastiki vya Mukabera, vile vya njano, vyote viwili, vimeyeyuka vikashikana na sakafu pale pale miguu inapokaa. Havikuwa vimetupwa huku na huku kama vya mtu aliyekurupuka. Vilikaa sambamba. Alivitazama viatu vile na akaelewa jambo ambalo hakutaka kulielewa, kwamba mwenye viatu hivi hakuwa ameiinua miguu mpaka mwisho. Alijaribu kuvibandua, vikamchoma vidole, akaviacha.

Walikuwa wamembeba kwenye ingobyi, machela ya kienyeji ya mabegani, hadi kituo cha afya. Sebahire alikwenda kwa miguu akikimbia, akamsahau Janvier, akasahau kofia kichwani, na akaingia nayo mpaka ndani. Mwuguzi mmoja alimvua kwa mikono yake.

Mukabera alikuwa hai. Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa kumpeleka hospitali kubwa. Alilazwa kitandani, chini ya magoti amefunikwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa, na uso wake ulikuwa mzima, bila hata alama, uso wa jana. Hilo lilimwumiza Sebahire zaidi. Mwuguzi alimwambia pembeni kwamba mguu wa kulia huenda ukabaki, wa kushoto hakuweza kumdanganya.

Akapiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kumshika mkono akaona mikono yake mwenyewe, sabuni iliyokauka, nyuzi za bandeji bado ziko kwenye ngozi, akairudisha nyuma.

"Mama Jado," alisema. "Ni mimi. Ni mimi niliyefanya hii. Mupira ilikuwa inalia, nilijua, nikafunga juu yake."

Dawa ilikuwa imeanza kumlegeza Mukabera, maneno yakawa yanakuja moja moja.

"Samaki ziliharibika?"

"Acha samaki. Kwa nini haukumwambia asimame? Mama Jado, miguu ilikuwa inaungua! Haukusikia?"

"Nilisikia," alisema Mukabera. "Toka Nyundo nilisikia. Dauda alikuwa ananitazama, ananiuliza kwa macho. Nikasema, bibi ya fundi akiogopa, nani atamwamini fundi?"

Akafumba macho.

"Nikacheka, ili asisimame."